Sisimizi wapya wa jangwani: maswali ambayo naulizwa kila mara

Kila nikisema nilikaa miaka miwili Australia Magharibi nikichambua sisimizi, watu wana maswali yaleyale, kuanzia wazazi wangu kule Dodoma mpaka jamaa ninaokaa nao kwenye basi. Nimeyaweka yote hapa na majibu yake. Mengine marefu kwasababu jambo lenyewe ni refu, vumilia.

Hivi sisimizi si sisimizi tu? Kwani wako aina ngapi?

Wenye majina rasmi ya kisayansi ni zaidi ya 14,000 duniani kote, na Australia peke yake ina zaidi ya 1,300. Hao ni wale ambao mtu ameshakaa akawaandika. Wasio na jina ni wengi mno.

Na sisi wenyewe hatuwaiti wote kitu kimoja, siafu ni siafu, majimoto wa kwenye mwembe ni majimoto, sungusungu ni sungusungu, chungu ni chungu. Mtu aliyewahi kupanda mwembe na kushuka mbio hahitaji mtaalamu amwambie kwamba majimoto na sisimizi wa kwenye sukari sio mdudu mmoja. Kuainisha ni kazi hiyohiyo, ila inafanywa kwa hadubini, kwa vipimo, na kwa jina ambalo mtu wa Tokyo na mtu wa Nairobi watalielewa sawa.

Na mchwa je?

Mchwa sio sisimizi. Narudia hili kila wiki. Mchwa ni ukoo wa mende, sisimizi ni ukoo wa nyigu na nyuki. Angalia kiuno: sisimizi amebanwa katikati kama amefungwa uzi, mchwa yuko sawa kuanzia kifua mpaka tumbo. Angalia na vipapasio, vya sisimizi vimekunjwa kama kiwiko cha mkono, vya mchwa vimenyooka kama shanga zilizotungwa.

Mbona jangwani? Kule si hakuna kitu?

Hapa ndo watu wanakosea sana. Bara la ndani la Australia, ule mchanga mwekundu wa kuzunguka Alice Springs na kule Pilbara kaskazini magharibi, ni moja ya sehemu zenye sisimizi wengi zaidi duniani kwa idadi ya spishi, yaani aina. Unasimama sehemu unaona nyasi ngumu zenye miiba, mawe na jua, unasema hapa pamekufa, ukichimbia vikombe vyako vya mtego usiku mmoja unakuta sisimizi wa maumbo usiyotegemea.

Sababu moja ni kwamba wamegawana saa. Wapo wanaotoka usiku tu, wapo wa alfajiri na jioni, na wapo wanaotoka saa sita mchana wakati kila kiumbe kingine kimejificha. Hawa wa mchana kweupe kule Australia ni jenasi (kundi la spishi ndugu) inayoitwa Melophorus. Yule maarufu, Melophorus bagoti, mwekundu mwekundu, anaanza kazi ardhi ikishakuwa ya moto kabisa, anatembea juu ya mchanga uliopita digrii 50. Anafuata nini? Wadudu waliokufa kwa joto. Anawahi kabla hajafa na yeye.

Na kitu kinachonifurahisha mimi ni hiki: kazi hiyohiyo Sahara inafanywa na sisimizi wengine kabisa, Cataglyphis, na Namib inafanywa na wa tatu, Ocymyrmex. Sio ndugu wa karibu. Kila jangwa limejitengenezea wakimbiaji wake wa mchana, miguu mirefu, mbio kali, tabia zinafanana mpaka unashangaa. Ocymyrmex hawaishi kusini tu, wako mpaka kwenye nchi kavu za kwetu Afrika Mashariki, kwahiyo usidhani hili jambo ni la mbali.

Sasa spishi mpya inagunduliwaje? Unamuona tu jangwani unajua huyu mpya?

Hapana. Hili ndo swali kubwa na ningependa ulielewe hata kama hutasoma mengine.

Kumkuta sio kumgundua. Jangwani unamkuta sisimizi, anakimbia, unamkamata, unamtia kwenye chupa, na hapo hujui chochote, pengine ana jina tangu enzi za babu yake babu yako. Ugunduzi unafanyika mezani, miezi au miaka baadaye, pale unapomweka chini ya hadubini pembeni ya wenzake wote wanaofanana naye na kukuta hakuna anayelingana. Yaani lazima kwanza uwajue wa zamani wote ndipo uwe na haki ya kusema huyu ni mpya.

Mfano mzuri ni haohao Melophorus. Jenasi hii ilipewa jina 1883 na Mwingereza John Lubbock. Watu wakaokota, wakaokota, makabati yakajaa. Mwaka 2017 Heterick, Castalanelli na Shattuck wakatoa kazi moja kubwa iliyopitia jenasi nzima, wakahesabu spishi 93, na kati ya hizo 74 zilikuwa mpya. Piga hesabu: ni 19 tu ndizo zilizokuwa zinatambulika kabla. Na wengi wa hao 74 hawakuokotwa mwaka huo, walikuwa wamekaa makumbusho kwenye pini zao wanasubiri mtu mwenye muda na macho. Na bado wapo watafiti wanaosema 93 ni kidogo, kwamba ukiingia kaskazini mwa Australia na kupima kwa makini kundi moja tu linapasuka na kuwa mengi.

Yule wa jina la mchawi ni wa kweli?

Ni wa kweli kabisa. Anaitwa Leptanilla voldemort, alitangazwa 2024 na Mark Wong na Jane McRae, na anatoka Pilbara.

Pilbara ni nchi ya chuma. Udongo mwekundu kama matofali, joto, na migodi mikubwa sana. Kabla ya kuchimba, kampuni hutoboa mashimo membamba ya kupima mawe, na sheria za mazingira za kule zinadai waangalie pia kama chini kuna viumbe wanaoishi gizani. Kwahiyo watu wa utafiti wanateremsha wavu mdogo ndani ya shimo, kisha wanauvuta juu huku unakwaruza ukuta wa shimo, chochote kilichokuwa pembeni kinaingia. Shimo hilo lilikuwa na kina cha mita 25. Wakavuta, wakakuta sisimizi wawili.

Wawili tu. Wamepauka, wembamba kama uzi, hawana macho kabisa, miguu mirefu, taya kali. Ndo hao wawili wakabeba spishi nzima mgongoni. Jina la Voldemort, yule mchawi wa kwenye hadithi za Harry Potter, wamempa kwa huo mwonekano wa kupauka na maisha ya gizani. Na katika bara lote la Australia alikuwa Leptanilla wa pili tu kupewa jina, wa kwanza aliandikwa na Wheeler mwaka 1932, fikiria pengo la miaka 92 hapo katikati.

Watu wanauliza anakula nini. Kwa huyu hakuna aliyemuona akila. Ila kuna ndugu yake wa Japani aliyechunguzwa vizuri, yeye anawinda tandu, kundi linamvamia tandu mkubwa kuliko wao mara nyingi. Malkia wake naye anajilisha kwa kunywa majimaji ya mwilini mwa watoto wake mwenyewe bila kuwaua. Taya za huyu wa Pilbara zinaonyesha ni mwindaji pia.

Mimi jambo linalonikaa kichwani ni lile shimo. Hakuna aliyekuwa anatafuta sisimizi pale, shimo lilitobolewa kwa ajili ya chuma.

Mnawakamataje hao wa juu?

Njia ya kawaida ni mtego wa kikombe. Unachimba, unazika kikombe cha plastiki mpaka mdomo wake uwe sawa na ardhi, sawa kabisa, ukiacha hata ukingo mdogo sisimizi anazunguka. Ndani unatia kimiminika. Sehemu za kawaida unaweza kutia spiriti lakini jangwani inakauka kabla hujarudi kwenye gari, kwahiyo tunatia glaikoli, kimiminika kisichokauka haraka. Unaacha siku mbili tatu, unarudi, unachuja, unahamishia kwenye ethanoli kali ili vinasaba visiharibike.

Ila kikombe hakikupi kila kitu. Hakikuambii kiota kinafananaje na hakikupi malkia, na sisimizi wawili waliodondoka kikombe kimoja sio lazima wawe wa nyumba moja. Kwahiyo lazima pia upige magoti ufuate mmoja mpaka shimoni kwake uchimbe. Kwa Melophorus hii ni shughuli, anakimbia kama amerushwa, unamfuata kwa macho juani, ukipepesa umempoteza. Biskuti inasaidia, unamega chembe unaweka chini, akibeba anakuwa na mzigo, mwendo unapungua na chembe nyeupe inaonekana kwa mbali.

Na lebo. Jamani lebo. Mahali, vipimo vya GPS, tarehe, nani ameokota, kwa njia gani. Nitasimulia hili kwasababu liliniuma. Wiki zangu za kwanza maabara (sitaitaja) nilipewa boksi la chupa ndogo kama mia hivi zilizookotwa na kundi lililotangulia. Mtu mmoja alikuwa ameandika lebo kwa kalamu ya wino ya kawaida na kuzitia ndani ya ethanoli. Nikavuta chupa ya kwanza, kikaratasi cheupe, wino wote umeyeyuka, ethanoli imekuwa ya bluu. Ya pili hivyohivyo. Chupa 31. Kwenye moja kulikuwa na sisimizi mwenye kichwa cha ajabu, kipana, kimebonyea nyuma kama moyo, sikuwahi kumuona mfano wake na wakubwa zangu nao hawakumtambua. Hatukuweza kufanya naye chochote. Huwezi kutangaza spishi kutoka "mahali fulani". Tangu siku hiyo natembea na penseli. Penseli haifutiki kwenye spiriti, hata miaka mia.

Baada ya hapo anafanywa nini?

Anabandikwa. Huyu mdudu ni mdogo mno kuchomwa pini, ukimchoma amekwisha. Kwahiyo unakata kadi ngumu iwe pembetatu nyembamba, pini inapita kwenye upande mpana, na ncha kali unaikunja kidogo chini. Unachovya ncha kwenye gundi inayoyeyuka kwa maji, tone liwe dogo kuliko unavyodhani, kisha unaigusisha upande wa kulia wa mdudu katikati ya miguu. Unashika pumzi. Gundi ikizidi inapanda inafunika kifua na kifua ndo kina alama unazozihitaji, ikipungua anadondoka kesho yake na kipapasio kinakatika. Miguu unaishusha kwa brashi yenye unywele mmoja ili isifiche kiuno.

Mimi mwanzoni nilikuwa nabandika kumi kwa siku na shingo inakakamaa. Mwishoni nilifika sitini. Bado nikimaliza mmoja vizuri, amekaa sawa, kichwa kimeangalia mbele, nafurahi kweli.

Mnaangalia nini kwenye hadubini?

Kiuno kwanza. Kina nundu moja au mbili? Hilo tu linagawanya koo kubwa. Kisha ncha ya tumbo, kuna mwiba, au kuna tundu dogo la mviringo lenye nywele kuzunguka ambalo linarusha asidi? Melophorus ni wa nundu moja na tundu la asidi. Kisha vipapasio vina vipingili vingapi, unahesabu kimoja kimoja. Meno ya taya. Macho yako wapi na makubwa kiasi gani. Upana wa kichwa kwa urefu wake, urefu wa kipapasio, kwa milimita zenye nukta na tarakimu mbili.

Halafu nywele. Utashangaa nywele zinavyobeba ushahidi. Sisimizi wengi wa jangwani wana ndevu chini ya kidevu, nywele ndefu zilizopinda zinazotengeneza kama kikapu, ndo wanabebea mchanga mkavu wakichimba, kwasababu mchanga mkavu haushikani kama udongo wenye maji. Ndevu ndefu au fupi, zimeanzia kidevuni au kwenye taya, hapo spishi mbili zinatengana.

Mnajuaje sio yuleyule ila mkubwa?

Swali zuri sana, na limewakosesha watu wakubwa. Kwenye kiota kimoja cha Melophorus wafanyakazi hawalingani, kuna wadogo wembamba na kuna wakubwa wenye kichwa kama nyundo, mama mmoja, na ukiwakuta kwenye vikombe tofauti utaapa ni spishi mbili. Ndo maana nasema chimba kiota upate familia nzima.

Na madume ndo balaa zaidi. Mnawajua wale wadudu wanene, wa kahawia, wenye mabawa, wanaokuja kwenye taa usiku msimu wa mvua na kujigongagonga ukutani, tumbo kama soseji? Huyo ni dume wa siafu. Ukimweka pembeni ya siafu anayetembea kwenye msafara huoni uhusiano wowote. Linnaeus mwenyewe, baba wa mfumo mzima wa majina, 1764 aliandika dume wa siafu kutoka kusini mwa Afrika akamweka kwenye nyigu! Na kwa Leptanilla tatizo lipo mpaka leo, kuna spishi nyingi zinazojulikana kwa dume tu, na nyingine kwa mfanyakazi tu, na huenda kuna majina mawili mawili ya kiumbe mmoja.

Si mpime DNA tu mmalize?

Inasaidia mno, hasa hapo kwenye kuunganisha dume na mfanyakazi wake. Kuna kipande cha vinasaba kinaitwa COI ambacho watu wanakitumia kama alama ya duka, kinasomwa na kulinganishwa. Lakini hakimalizi. Kipande hicho kinarithiwa kwa mama peke yake, kwahiyo spishi mbili zikiwahi kuzaliana huko nyuma kinaweza kukudanganya, na mara nyingine mashine inasoma nakala mfu iliyohamia sehemu nyingine ya seli na unapata "spishi" ambayo haipo. Ile kazi ya Melophorus ya 2017 ilitumia COI pamoja na jeni nne nyingine, na bado wakarudi kwenye umbo. Ushahidi wa aina mbili tatu ukikubaliana ndo unalala usingizi.

Na vielelezo vya zamani, vile vya miaka ya 1880 ambavyo jina limefungwa navyo, vinasaba vyake mara nyingi vimechakaa. Lazima umtazame kwa macho.

Jina linatolewaje? Naweza kumpa jina langu?

Kuna kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, hesabu inaanzia 1758. Kwa kifupi: jina mara mbili, jenasi na spishi. Lazima uchague kielelezo kimoja kinachobeba jina milele, kinaitwa holotaipu, unasema kimehifadhiwa wapi ili mtu yeyote aweze kwenda kukiangalia. Lazima uandike maelezo yanayomtofautisha na wenzake na uyachapishe, tangu 2012 hata kwa njia ya kielektroniki tu inakubalika ila lazima usajili ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama. Na aliyetangulia ndiye mwenye jina, ukikuta mtu alishamuandika kabla yako, la kwako linakufa.

Jina lako mwenyewe hakuna sheria inayokukataza lakini ni aibu, hakuna anayefanya. Unaweza kumpa jina la mtu mwingine, mwisho unaweka i kwa mwanaume, ae kwa mwanamke. Mfano Melophorus anderseni, aliyeandikwa 1997, ni heshima kwa Alan Andersen aliyefanya kazi kubwa ya sisimizi wa kaskazini mwa Australia. Huyo sisimizi ni mwizi wa watoto, anaingia kwenye viota vya sisimizi wakubwa wenye vurugu na kutoka na watoto wao.

Majina pia yanahama cheo. Yule Cataglyphis fortis wa kwenye chumvi za Tunisia, ambaye amesomwa sana duniani kwa jinsi anavyohesabu hatua zake kurudi nyumbani, tangu 1902 alikuwa anahesabiwa kama tawi tu la spishi nyingine. Mtafiti Rüdiger Wehner akampa hadhi ya spishi kamili 1983, baada ya kufanya naye kazi miaka zaidi ya kumi. Umeona hapo? Mtu anaweza kuwa na mdudu mkononi kila siku na cheo chake bado hakijakaa sawa.

Kwani wenyeji wa kule hawakuwajua?

Waliwajua, na ni vizuri hili lisemwe wazi. Kuna sisimizi wa asali wa jangwa la kati, Camponotus inflatus, baadhi ya wafanyakazi wake wananing'inia kwenye dari ya kiota, tumbo limejaa asali mpaka limekuwa kama zabibu, ni ghala la chakula lililo hai. Lubbock alimuandika 1880 akiwa Uingereza. Waanangu, wenyeji wa jangwa hilo, wanamuita tjala, wanawake wanajua mti gani wa kuchimba chini yake, wanafuata vijitundu vidogo ardhini, wanashuka na fimbo mpaka kwenye vyumba, na wamefanya hivyo vizazi na vizazi. Kwahiyo tunaposema "spishi mpya" maana yake ni mpya kwenye daftari la sayansi. Kwa aliyezaliwa pale sio mpya.

Spishi inaweza kuandikwa halafu ikapotea?

Ndiyo, na hadithi yake inanirudisha kwenye lebo. Mwaka 1934 John Clark aliandika sisimizi wa ajabu, Nothomyrmecia macrops, wa kizamani mno, kwa vielelezo viwili vilivyookotwa na watu wa msafara uliokatiza nchi kavu ya kusini magharibi mwa Australia. Mahali hasa palipookotwa hapakuandikwa vizuri. Basi kila aliyetaka kumuona akaenda kuhangaika kulekule, hata E. O. Wilson, mtaalamu maarufu wa sisimizi, alienda akarudi mikono mitupu. Zaidi ya miaka arobaini.

Oktoba 1977 Robert Taylor na wenzake walikuwa njiani kwenda huko huko kumtafuta, gari likawasumbua, wakalala kwenye kijiji kidogo kinaitwa Poochera, Australia Kusini, zaidi ya kilomita elfu moja kabla ya kufika. Usiku wa baridi, ambao mtu wa sisimizi hata hasumbuki kutoka. Taylor akatoka na tochi. Akamkuta anatembea kwenye shina la mti. Kumbe anapenda baridi, ndo anawinda hapo, wadudu wengine wakiwa wamezubaa. Wote walikuwa wanamtafuta mahali sipo na saa sio.

Inachukua muda gani toka kuokotwa mpaka kupewa jina?

Utafiti mmoja wa 2012 ulipiga hesabu kwa viumbe wa kila aina, wastani ukawa miaka 21 kwenye kabati. Ishirini na moja! Sio uvivu. Watu wanaoweza kazi hii ni wachache, na kuajiriwa kwa ajili yake ni shida.

Ina faida gani lakini? Mdudu akiwa na jina au hana, si yuko tu?

Rudi Pilbara. Mgodi unataka kufunguliwa. Unaandikwa ripoti ya viumbe waliopo. Kiumbe mwenye jina anaingia kwenye ripoti, anaangaliwa anapatikana wapi kwingine, kama ni hapo tu basi kuna mazungumzo. Asiye na jina anaandikwa namba, "Leptanilla nambari moja", na namba ya ripoti hii hailingani na namba ya ripoti ya kampuni ya jirani, kwahiyo hakuna anayeweza kujua kama ni yuleyule au mwingine. Anapotea kwenye karatasi kabla hajapotea ardhini. Kwangu mimi hii inatosha.

Yapo na mengine, sisimizi wa jangwani wanageuza udongo, wanahamisha mbegu, wanakula maiti, na wakati mgodi umefungwa na watu wanapanda miti upya wanatumia sisimizi kupima kama ardhi imerudi kuwa hai. Huwezi kupima kwa kitu usichokijua.

Nimekuta sisimizi wa ajabu Turkana / Manyara / Dodoma, nifanye nini?

Piga picha. Tatu: kichwa kwa mbele, mwili kwa ubavuni, na kwa juu. Weka kitu cha kulinganisha ukubwa, sarafu ya shilingi inatosha. Andika ni saa ngapi, ardhi ya aina gani, kiota kina mdomo wa namna gani. Pandisha iNaturalist, mtandao wa kuweka picha za viumbe, na uweke mahali sahihi. Halafu ingia AntWeb, tovuti ya sisimizi, kuna picha za vielelezo kwa nchi, Kenya na Tanzania zipo, linganisha.

Kuokota kwa ajili ya utafiti ni jambo la kibali, kwa Tanzania unaomba COSTECH, kwa Kenya NACOSTI, tume za sayansi za nchi hizo, na kupeleka vielelezo nje ya nchi kuna taratibu zake za ziada. Usitume chupa kwa mtu nje kwa posta hata akikuomba vizuri. Ongea kwanza na makumbusho au chuo kilicho karibu yako.

Ukienda mchana wa jua kali sehemu kama jangwa la Chalbi kaskazini mwa Kenya, ukaona kitu chekundu au cheusi kinakimbia peke yake juu ya mchanga wa moto wakati hakuna kingine kinachosogea, mfuate. Weka chembe ya biskuti. Na uwe na penseli.